Kopo la Chenji ya Kura

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla sijashika pampu. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani, vile vya kisigino kilichopigwa chuma chini, na nilipokuwa navuka uwanja wa kituo pale Nansio, Ukerewe, vilikuwa vinalia ko, ko, ko, nami najiona mtu wa maana. Msimamizi wa kituo, mzee mmoja mkavu asiyejua kunong'ona, akanitolea macho toka mlangoni.

"Wewe! Simama hapo hapo. Usiinue mguu."

Nikasimama.

"Unataka kutuchoma? Chuma kwenye saruji kinatoa cheche. Mvuke wa petroli huuoni, lakini uko hapo chini, umekuzunguka miguu. Rudi kwenu."

Mimi kuambiwa rudi kwenu! Nilivua vile viatu, nikavibana kwapani, nikamwambia kwetu ni hapo nyuma ya soko na sina haja ya kurudi mapema. Nilishinda pekupeku siku nzima, saruji inachoma, na yeye akaniacha. Kesho yake nilikuja na ndala za mpira, akanipa kitambaa na funeli, nikawa nimeajiriwa.

Nawaambia haya nyie mnaofika sheli leo, mnabonyeza simu, mnalipa, mnaondoka bila hata kumtazama aliyewawekea mafuta. Sisi tulianza na mapipa. Mafuta yalivuka ziwa kwenye kivuko, tukayabingirisha hadi kituoni, na pampu ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, ukimaliza zamu bega limekufa ganzi. Wateja wetu wakubwa walikuwa wavuvi. Walikuja na madumu ya injini za boti, wanataka petroli iliyochanganywa na oili, na usipoipatia vipimo vyake injini inazima katikati ya maji na wewe ndiye utakayetukanwa.

Nilijifunza kupima tenki kwa fimbo. Unapaka dawa kwenye ncha yake, unaishusha mpaka chini, ukiitoa na dawa imebadilika rangi ujue kuna maji ndani, simamisha kuuza. Nilijifunza kusoma mita kabla ya kuingia zamu na kabla ya kutoka. Mita ikisema umeuza zaidi ya hela uliyonayo mkononi, hiyo tunaiita shoti, na shoti inakatwa kwenye mshahara wako hata kama umeibiwa. Nimeona watu wazima wakilia kwa shoti.

Kutoka Nansio nilihamishiwa Kigongo, wakati kule bado watu wanavuka kwa kivuko. Sasa kuna daraja, mnapita juu mnacheka. Zamani magari yalikaa foleni toka asubuhi, na madereva walitumia muda huo kujaza mafuta kwetu. Shida ilikuwa moja. Dereva anakupa noti, unaingia ndani kutafuta chenji, kivuko kinapiga honi. Akisikia honi hasubiri hata umwite kwa jina la baba yake. Anawasha, anaondoka, wewe unabaki umesimama na sarafu mkononi.

Mhasibu aliyekuja kutukagua alitaka hizo chenji ziingie kwenye mauzo. Msimamizi wa Kigongo, mwanamke mnene aliyevaa miwani ya kamba, alimkatalia mbele yetu.

"Hela ya mtu ni ya mtu," akamwambia. "Siku akirudi aikute."

Akachukua kopo la plastiki lililokuwa la pipi, maana huko nyuma tulikuwa tukikosa sarafu tunampa mteja pipi, tukatukanwa sana kwa hizo pipi, akalisafisha na kuliweka kaunta. Chenji iliyoachwa ikaingia humo. Dereva akirudi toka Busisi, ng'ambo ya pili, akasema niliacha mia mbili yangu, tunampa bila maswali. Aliyepungukiwa kidogo kwenye bei anaongezewa humo humo. Na kilichobaki, kwa kuwa wengi hawakurudi kudai, kilitununulia chakula cha mchana. Vituo vyote nilivyofanya kazi baada ya hapo nilienda na desturi hiyo, na wateja waliizoea, wengine wanatupia sarafu wenyewe wakisema mle.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa hapa mjini Mwanza, upande wa Ilemela, na huko ndiko nilipopewa usimamizi. Juu yangu alikuwepo Meneja, kijana msomi, anashinda ofisini kwake katikati ya jiji na kutupigia simu. Sikumchukia. Alilipa mishahara kwa wakati na alijua kuzungumza na watu wakubwa. Ananiita Mama Majura kwa heshima zote.

Devota alikuja kwetu akiwa ametoka Kagera, Mhaya wa Muleba, anakaa Kiseke na mumewe fundi bomba. Mchapakazi, mcheshi, kelele nyingi. Mteja akiingia anapokelewa na sauti kabla ya kuona mtu. Nilimweka kaunta kwa sababu hiyo.

Sasa lazima niseme jambo la ndimi zetu, la sivyo hamtanielewa huko mbele. Wahaya, na sisi Wakerewe pia, herufi ya L na ya R zinatuchezea. Mhaya anakwambia anakura chakura, na hana habari kama kuna kosa. Msukuma yeye ni kinyume, R hana kabisa, kwake habari ni habali na barabara ni balabala. Tumeishi hivyo pwani nzima ya ziwa, tunataniana, tunaoana, maisha yanaendelea.

Siku moja Devota akaona kopo letu halina jina. Wateja wageni walikuwa wanauliza ni la nini. Akachukua plasta nyeupe, akaibandika, akaandika kwa kalamu nene, herufi kubwa za kupendeza: CHENJI YA KURA. Nilisoma nikapita. Kila siku nilisoma nikapita. Kichwani mwangu lile neno lilikuwa ugali na sangara, sikuona kingine, na wahudumu wote pale wametoka visiwani na Kagera na Mara, hakuna aliyeshtuka.

Ikafika kampeni za uchaguzi.

Mnazijua siku zile. Magari yana spika juu, bodaboda zinakimbizana, kila mtu ana kofia mpya. Meneja alitupigia simu kutuonya tusijihusishe, na nilimwona ana haki. Kulikuwa na maofisa wa kuzuia rushwa wanapita wakikamata watu wanaogawa hela kwa wapiga kura, na waliokamatwa walilala ndani siku kadhaa kabla hata hawajaulizwa vizuri. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Nilitaka nimalize kwa amani nikalime matikiti yangu.

Asubuhi hiyo msafara mmoja uliingia kwetu kujaza mafuta. Sitasema wa nani. Mwanaume mmoja mwenye kofia akalipa kaunta, akaona kopo, akasoma, akacheka peke yake. Akatoa noti ya elfu kumi akaisukuma humo. "Kuleni, akina mama," akasema, akaondoka. Devota alifurahi, akanionyesha. Nami nikafurahi, kwa nini niseme uongo, siku hiyo tungekula nyama.

Kabla ya saa saba gari la mafuta likaja kushusha. Wakati wa kushusha, msimamizi haondoki. Unasimama pale kwenye mfuniko wa tenki na ndoo ya mchanga pembeni, unatazama mpira wa kushushia, unanusa, hakuna kuwasha gari jirani, hakuna mtu kupita na sigara. Nikiwa nimesimama hapo nikaona wanaume wawili wanashuka kwenye gari jeupe, mashati yamechomekewa vizuri. Wakaingia kaunta. Kupitia kioo nilimwona Devota anacheka nao. Nikasema moyoni hao ni wateja.

Walikuwa maofisa. Walikuwa wanaufuata ule msafara toka asubuhi. Mkubwa wao, Msukuma mwenye miwani, aliliona kopo na ile noti inaonekana wazi ndani, akasoma maandishi. Mazungumzo yao Devota alinisimulia baadaye, na nimeyasikia mara nyingi, kwa hiyo nawapa kama yalivyo.

"Habali za kazi, dada. Hii hela ya kula ni ya nani?"

Yeye alimaanisha ya uchaguzi. Devota alisikia ya ugali. Akamjibu kwa furaha zote.

"Yetu sisi wahudumu! Hapa wote tunakura."

"Nani anaitoa?"

"Wateja. Wenye moyo tu."

"Mnagawana lini?"

"Kira siku saa saba. Kira mtu fungu rake, hatugombani."

"Na leo?"

"Reo bado, tunamsubiri Mama Kulwa arete."

"Huyo Mama Kulwa ndiye anawaletea?"

"Siku zote yeye. Na si sisi tu, anawapa na wa gereji pare, na bodaboda wa kona."

Jamani! Hebu sikilizeni tena kwa masikio ya yule ofisa. Kila swali lilijibiwa vizuri, kila jibu lilimfunga. Mwenzake alikuwa ameshafunga mlango na kuusimamia.

Mimi toka nje niliona uso wa Devota unabadilika. Kicheko kiliondoka, mkono wake ukapanda shingoni. Nikaona yule mwenye miwani amelikumbatia kopo. Nikataka kukimbilia ndani. Lakini mafuta yalikuwa yanashuka, na ukiacha mpira unashusha peke yake mafuta yakamwagika, unaweza kuua mtaa mzima. Nilimpigia kelele dereva afunge koki. Akaifunga taratibu, anaizungusha kama mtu ambaye hana shida duniani, nami nimemsimamia mpaka nikaona imekaza. Ndipo nikakimbia, nikausukuma mlango nikaingia.

"Kuna nini hapa?"

"Wewe ni nani?"

"Msimamizi wa kituo."

"Vizuli. Huyu dada amekili mnagawa hela za kula hapa. Na noti tumeiona, na tunajua imetoka kwa nani."

Nilisoma lile kopo. Kwa mara ya kwanza nililisoma kama mtu mwingine anavyolisoma. Nikafungua mdomo kumweleza. Kiswahili nakijua, nikitulia herufi zangu zinakaa zinapotakiwa. Lakini moyo ukienda mbio ulimi wangu unarudi Ukerewe.

"Afande, si hivyo! Ni ya kura! Ya kura chakura, ugari!"

"Hata wewe," akasema yule ofisa, akatikisa kichwa.

"Ugali!" nikalazimisha. "Ugali, afande. Hela ya chakula."

"Ugali wa noti ya elfu kumi? Unaogawiwa mpaka bodaboda wa kona?" Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Mama, hii hadithi ya chakula mmeitunga sasa hivi. Mwanzoni huyu ameeleza kila kitu bila kulazimishwa. Kopo hili ni la nani? Nataka mwenyewe. Mwenyewe ndiye tunaondoka naye."

Devota akanishika mkono wa gauni. Mtoto wake alikuwa wa kunyonya, kamwacha kwa jirani kule Kiseke, na kila siku mchana mumewe alikuwa anamleta kituoni anyonyeshwe. Saa yenyewe ilikuwa imekaribia. Nikaona sare yake imeanza kulowa kifuani, madoa mawili yanapanuka, naye hana habari, anamtazama yule ofisa tu. Nikasema, Mungu wangu, huyu akilala ndani leo, yule mtoto atalishwa nini?

Nikaomba nimpigie Meneja. Ofisa akakubali, ila hapo hapo mbele yake. Simu yangu ilikuwa ile ndogo ya vitufe, sikio lake limeharibika, haisikiki mpaka uiweke sauti ya wazi. Nikaiweka sauti ya wazi, nikaishika kifuani kama redio. Nikamweleza Meneja kila kitu: maofisa, kopo, noti, Devota. Nilikuwa nategemea aseme nakuja.

"Mama Majura," akasema, "nisikilize vizuri. Sema kopo ni la huyo binti. Kaliweka mwenyewe, kituo hakihusiki, wewe hukujua."

"Meneja..."

"Wewe unastaafu. Usijiharibie. Binti kama huyo tunapata mwingine kesho. Waache wamchukue, tutaona mbele."

Akakata.

Chumba kizima kilikuwa kimesikia. Ofisa alikuwa amesikia, mwenzake wa mlangoni alikuwa amesikia. Devota aliuachia mkono wa gauni langu. Hakulia, hakuniomba. Alivua beji ya jina lake, akaiweka juu ya kaunta, akaanza kufunga kitambaa chake kichwani upya, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Hasira iliyonipanda siwezi kuwaeleza. Si kwa ofisa, ofisa alikuwa kazini kwake. Nilichukua ile beji nikambandika tena kifuani, pini ikanichoma kidole.

"Kopo ni la kituo," nikasema. "Na kituo msimamizi wake ni mimi. Desturi hii nimekuja nayo mimi toka Kigongo, huyu kaandika jina tu. Kama ni kuondoka na mtu, twende."

"Mama, umesikia bosi wako alivyosema."

"Nimesikia. Yeye hayupo hapa."

Yule ofisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi mtakwenda wote wawili," akasema, na mwenzake akafungua mlango. Wahudumu wa pampu walikuwa wamejikusanya nje, wameacha magari. Nilimwambia mmoja wao amalizie kushusha mafuta na asithubutu kuondoka kwenye mfuniko. Devota akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mtoto?" Nikamwambia nyamaza kwanza.

Kabla ya kutupandisha garini, ofisa akampigia mkuu wake simu. Mkono mmoja ulikuwa na kopo, mwingine na simu. Mkuu wake alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea kwenye upepo, tulimsikia wote bila shida.

"Mkuu, tumewapata. Wanawake wawili, kituo cha mafuta. Na kopo la hela za kula."

"La hela za nini?"

"Za kula, Mkuu. Wameandika kabisa."

"Za kula."

"Ndiyo. Na wamekili wenyewe. Wanakula kila siku saa saba, wanaletewa na mwanamke mmoja anaitwa Mama Kulwa."

"Sasa wewe," ile sauti ikauliza, "ulitaka wale saa ngapi?"

Nje mmoja wa wahudumu akacheka, mwenzake akamkanyaga. Mimi sikuona cha kucheka. Uso wa ofisa ulikuwa umevimba.

"Hapana Mkuu, siyo kula. Ni kula!"

"Nimekusikia. Kula."

"Mkuu, ile ya..."

"Hebu tulia. Unasema kura ya kupiga, au kula ya ugali? Nijibu moja, nina watu wengine hapa wananisubiri. Kama ni ya kupiga, waweke ndani."

Na hapo, kwa kweli namshukuru Mungu wangu mpaka leo, Mama Kulwa akaingia uwanjani na beseni lake kichwani. Yeye ni mpishi, ana kibanda nyuma ya gereji, hakuwa anajua chochote. Alipita katikati ya watu wote wale, akaweka beseni juu ya kaunta, akafunua. Mvuke wa ugali na samaki ukajaa chumba.

"Nimechelewa, mnisamehe, kuni mbichi," akasema. "Mbona mmesimama kama mna msiba? Nani anaanza? Na wa gereji nimeshawapa, bodaboda nao wananisubiri."

Ofisa akamuuliza, "Wewe ndiye nani?"

"Mama Kulwa. Na wewe baba unakula hapa au nikufungie?"

Yule mtu alisimama. Simu sikioni, kopo kwapani. Alimtazama Mama Kulwa, akatazama samaki, akamtazama Devota aliyelowa kifuani. Aliangalia noti ndani ya kopo. Angeweza kusema neno moja tu na tungeondoka, nani angembishia? Alikuwa ameshatuita wahalifu mbele ya watu, na kurudi nyuma mbele ya watu ni kazi ngumu kwa mwanaume mwenye cheo. Nilihesabu pumzi zangu nikapotea hesabu.

"Hallo? Upo?" simu ikaita.

"Nipo, Mkuu," akasema. "Ni ya ugali."

"Basi waache wale."

Akalirudisha kopo juu ya kaunta. Ile noti aliichomoa, akasema hiyo ni kielelezo, anaondoka nayo, na hatukuiona tena, wala sikuiulizia. Akatoka bila kutuomba radhi. Mlangoni akageuka, akasema, "Bandueni hilo kalatasi," na hakuna aliyecheka mpaka gari lao lilipotoka barabarani.

Ndipo wakacheka. Weee! Walicheka mpaka wakakaa chini. Kisa kile kilizunguka vituo vyote vya Mwanza, na kila anayekisimulia anakiongezea chumvi, nimeshawahi kusimuliwa na mtu asiyejua kuwa mimi ndiye yule mama. Devota peke yake hakucheka. Mumewe alifika na mtoto, akampokea, akakaa kwenye kreti nyuma ya kaunta akimnyonyesha, mgongo wake umetugeukia. Nikamsogelea na sahani.

"Mama," akasema bila kugeuka, "umemsikia Meneja?"

"Nimemsikia."

"Na mimi nimemsikia."

Hatukuliongelea tena. Kesho yake Meneja alikuja na kreti ya soda, anatupa pole, anasema alikuwa anahangaika upande wake kutafuta wakili. Mimi nilitazama pembeni. Devota alimwamkia kama kawaida yake, "Shikamoo, Meneja," naye akamjibu, "Marahaba, mwanangu. Pole sana." Hakujua kwamba simu yangu iliongea mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwambia.

Nilipostaafu waliniandalia sherehe ndogo pale pale uwanjani, nikapewa godoro na blanketi. Meneja aliniuliza nani anafaa kuchukua nafasi yangu, na nilimtajia jina moja tu. Akasita, akasema Devota ni mzuri lakini wateja wakubwa wanahitaji mtu wa kuongea nao vizuri. Nikamwambia Devota anaongea vizuri sana, tatizo ni wanaosikiliza. Nilimsumbua wiki nzima, kila siku nampigia, hadi akachoka akakubali.

Siku hizi kopo halipo. Wateja wanalipa kwa simu, sarafu zimekuwa chache, na kila mmoja anajinunulia chakula chake. Sisemi ni vibaya. Shoti zimepungua, na vijana hawalii kama tulivyolia sisi. Kazi ya mafuta imekuwa rahisi kuifanya. Kitu kimoja tu sijaona kimekuwa rahisi, nacho ni kusimama na mwenzako siku ambayo kukaa pembeni hakukugharimu chochote. Hilo hakuna mashine iliyolileta.

Mwezi uliopita nilipita kumsalimia Devota. Nilimkuta katika mkasa. Mhudumu mmoja, baba mtu mzima wa kisiwa cha Ukara, alikuwa ameweka dizeli kwenye gari la petroli la mtu mwenye cheo. Gari limezimika barabarani, mwenyewe anatishia kesi. Yule baba amekaa kwenye kreti, mikono kichwani. Simu ikaita, Meneja. Devota akasikiliza kidogo. Nikaona uso wake, na nikajua anaambiwa nini bila kusikia neno.

"Subiri kidogo, Meneja," akasema.

Akaiweka simu sauti ya wazi, akamwita yule baba asogee, akailaza juu ya kaunta katikati yao.

"Haya, Meneja. Yuko hapa mbere yangu. Mwambie mwenyewe."

Tulisikia mtu anapumua. Kisha Meneja akauliza gari liko wapi, akasema anakuja.